Mkaa, kuni, gesi au umeme: mgahawa wa Mbeya na Iringa uchague jiko gani?

Anayefungua mgahawa Mwanjelwa, Mafinga au Makambako huanza na bei: gunia la mkaa, kujaza mtungi, uniti za LUKU. Hesabu hiyo ni ya haki, maana faida ya sahani ya wali maharage ni ndogo. Lakini jiko huamua pia mambo mawili ambayo hayaingii kwenye daftari la matumizi: kama sahani ya saa tisa mchana itatoka ikiwa ya moto kweli, na kama mpishi atarudi nyumbani na mikono mizima na kifua kizima. Mambo hayo hayatenganishwi. Kidonda cha kuungua kidoleni ni makazi ya bakteria wanaoitwa stafilokoka, na sumu wanayoiacha kwenye chakula haiondoki hata ukikichemsha tena. Mpishi aliyeungua Jumatatu anaweza kuwaumiza wateja Jumatano.

Kwa hiyo nayalinganisha majiko manne kwa vipimo hivyo viwili, na bei naiacha ije baadaye.

Milima yetu inabadilisha mapishi

Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa unapungua na maji yanachemka kwa joto dogo, kwa makadirio ya nyuzi 1 pungufu kila mita 300. Maji yanayochemka kwa nyuzi joto 100 Dar es Salaam, Mbeya yanachemka kwenye 94 hivi. Mapovu ni yaleyale, mvuke ni uleule, ila joto si lile. Ndiyo maana mpishi aliyehamia huku kutoka pwani hushangaa maharage yake yanakataa kuiva wakati mkaa umeshateketea.

Maharage, hasa mekundu, yanahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Sumu hiyo huvunjwa na mchemko mkali, haivunjwi na joto la kubembeleza. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye nyuzi 80 bila kutokota yanaweza kuwa na madhara kuliko mabichi. Njia salama ni kuyaloweka saa tano au zaidi, kuyamwaga maji hayo, kuyainjika kwa maji mapya na kuyatokotesha kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kupunguza moto, kisha kuendelea mpaka yaive kabisa.

Hapa mkaa una udhaifu ambao watu hawausemi. Mpishi anawasha saa kumi na moja alfajiri, anainjika maharage, kisha anahangaika na chai na maandazi. Mkaa unaanza kufunikwa na majivu wakati sufuria bado inajikokota, na akirudi anaona mvuke anadhani mambo yanaenda. Kuni hazina shida hiyo mradi kuna mtu wa kuchochea. Gesi inashikilia mchemko bila kuyumba, ila inaunguza fedha kwa muda mrefu, na hiyo ndiyo sababu wengi wenye mtungi bado huyapeleka maharage kwenye mkaa.

Kwa maharage, makande na nyama ngumu ya ng'ombe, mshindi wazi kwangu ni jiko la presha la umeme. Ndani yake joto hupanda mpaka karibu nyuzi 110 hata ukiwa Njombe, na huo mlima uliokuwa unakuchelewesha hauna nguvu tena. Sufuria ya wati 1,000 ikivuta umeme saa nzima bila kupumzika hutumia uniti moja tu, na hii haivuti muda wote, maana presha ikifika inajikata yenyewe. Sufuria ya presha ya kawaida juu ya gesi inafanya kazi hiyohiyo, ila inataka mtu wa kuiangalia. Zote mbili usizijaze zaidi ya nusu ukipika maharage, kwa sababu yanatoa povu na maganda yake huziba tundu la mvuke. Tundu hilo lisafishwe kila siku, na mfuniko usilazimishwe kufunguka presha ikiwa bado imo ndani.

Kuanzia saa sita mpaka sahani ya mwisho

Bakteria wanaowaumiza watu huongezeka kati ya nyuzi joto 5 na 60. Chakula kilichoiva kikikaa katikati ya hapo zaidi ya saa mbili, kinaingia hatarini. Huku kwetu kuna imani moja iliyoota mizizi: "Hapa baridi, chakula hakiharibiki." Jiko la Mbeya mwezi Juni linaweza kuwa na nyuzi 15. Mtu anavaa sweta, lakini bakteria hawapumziki, na hata asubuhi ya nyuzi 10 haifanani na friji. Baridi inachofanya kwa hakika ni kuupoza wali wako haraka ukatoka kwenye usalama wa juu ya 60 kabla wateja hawajaisha.

Wali ndio unaonisumbua zaidi. Mbegu za bakteria mmoja wa mchele hustahimili kuchemshwa. Wali ukibaki vuguvugu zinaamka na kutengeneza sumu, na moto wa kupashia hauondoi sumu hiyo. Mchele wa Kyela hunukia vizuri hata ukiwa kiporo, kwa hiyo pua haiwezi kukusaidia. Mchuzi wa nyama kwenye sufuria kubwa una bakteria wake pia, wanaopenda katikati ya sufuria inayopoa polepole. Kiporo cha mchuzi kigawanywe kwenye vyombo vifupi vipana, kipoe upesi, kiingie friji, na kesho yake kipashwe mpaka kitokote chote.

Sasa majiko. Mkaa, tuseme haki yake, unajua kushikilia joto. Makaa machache chini, mengine yamepaliwa juu ya mfuniko, na wali unabaki wa moto kwa muda mrefu bila mtu kuugusa. Gesi ikiachwa chini ya wali inauunguza ukoko wakati juu unapoa. Dawa yake ni kuweka sufuria ya wali ndani ya karai lenye maji ya moto na moto mdogo kabisa, kama wanavyofanya hotelini. Jiko la presha la umeme hubaki kwenye hali ya kutunza joto lenyewe mpaka umeme ukatike. Ukikatika, usifunue, na kama haujarudi, hamishia chakula kwenye moto mwingine kabla hakijapoa. Kuni kwa kutunza joto hazifai: ama moto mkubwa, ama moshi mtupu.

Kwa kutunza, basi, mkaa ungeshinda. Ila swali lenyewe lina kasoro: kwa nini chakula kitunzwe saa tatu? Mama lishe wa mkaa anapika yote asubuhi kwa sababu kuwasha jiko la pili ni robo saa au nusu saa ya kupepea. Basi la kwenda Dar linaingia Makambako, abiria wana dakika chache tu, lazima kila kitu kiwe tayari. Mwenye gesi anaweza kupika sufuria ndogo saa tano na nyingine saa saba. Nyama ameshaiivisha, anaunga mchuzi mpya mteja akiwa ananawa mikono. Jiko linalowaka papo hapo linamruhusu mpishi asipike mapema, na kwa usalama wa chakula hilo lina uzito kuliko ufundi wowote wa kupalia. Pia linapunguza kiporo, na kiporo ni hasara mara mbili.

Kipimajoto cha chakula, kile chenye sindano, ni kitu kidogo ambacho sijaona mama lishe wengi wakiwa nacho. Chomeka katikati ya sufuria, si pembeni. Kikionyesha chini ya 60, pasha mara moja mpaka kipite 70.

Hewa, milango ikifungwa

Juni na Julai, upepo ukivuma kutoka milimani, migahawa mingi hushusha turubai na kufunga mlango. Ndani kuna majiko mawili ya mkaa, wapishi watatu na wateja wanaoyasogelea kuota moto. Naomba msomaji asome sehemu hii kwa makini hata kama nyingine ataziruka.

Mkaa ukiwaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu hushika nafasi ya oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mtu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakuwa mizito. Mara nyingi anasema ni uchovu au njaa. Na mkaa unaotisha zaidi ni ule uliokolea vizuri, mwekundu, usio na moshi wowote, kwa sababu hapo ndipo watu huuamini na kuuingiza ndani. Mkaa mbadala unaotengenezwa kwa makaa ya mawe au vumbi la mkaa una gesi hiyohiyo. Unapunguza ukataji miti, haukupi ruhusa ya kufunga mlango.

Vijana wanaolala mgahawani kulinda vyombo huingiza jiko chumbani wapate joto. Hawaamki. Mwenye mgahawa anayewalaza pale awanunulie mablanketi mazito, na jiko libaki nje usiku kucha, hata kama linaonekana limezima. Ukimkuta mtu amelegea kwenye chumba chenye mkaa, fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa, mkimbize hospitali.

Kuni nazo zina gesi hiyo, ila moshi wake hukufukuza mapema. Madhara yake makubwa ni ya polepole: macho mekundu, kikohozi kisichoisha, mapafu yanayochoka kabla ya umri. Jiko banifu lenye bomba la moshi linalotoka juu ya paa hupunguza sana. Mafinga na Mufindi, ambako mabanzi ya misonobari kutoka msitu wa Sao Hill hupatikana kirahisi, kuna hatari nyingine: vipande vya nguzo na mbao zilizotiwa dawa. Dawa inayotumika sana kwa kazi hiyo ina shaba, kromiamu na arseniki. Banzi lenye rangi ya kijani kibichi isiyo ya mti wenyewe lisiingie chini ya sufuria kamwe, na majivu yake yasiguswe wala kusuguliwa sufuria.

Gesi yenye moto wa bluu huchafua hewa kidogo sana. Moto ukiwa wa njano na sufuria zinashika masizi, kichwa cha jiko kimeziba, kisafishwe. Umeme haugusi hewa kabisa. Kwenye chumba kinachofungwa, mkaa umeshindwa moja kwa moja. Nje, chini ya upenu wenye hewa pande mbili, unaruhusiwa.

Kuungua na kulipuka

Wengi huniambia wanaogopa gesi kwa sababu italipuka. Woga huo una msingi, lakini mtungi una kanuni chache zinazofundishika kwa siku moja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni na kusubiri cheche. Kwa hiyo jiko liwe na matundu ya hewa chini karibu na sakafu, dirisha la juu pekee halitoshi. Mtungi usimame wima, mbali na moto, ikiwezekana nje ya ukuta kwenye kizimba chenye kufuli. Pima viungio kwa povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi, usipime kwa kiberiti. Mpira uliochanika ubadilishwe, usifungwe kwa nailoni. Ukinusa harufu, funga mtungi, fungua milango, usiwashe wala kuzima taa.

Baridi yetu inaleta kituko kimoja. Asubuhi ya baridi kali moto wa gesi unafifia, mtungi unashika umande au barafu kwa nje, mpishi anadhani ameuziwa mtungi nusu. Gesi iliyomo ni kimiminika, na inahitaji joto ili igeuke hewa. Mtungi mdogo ukivutwa kwa nguvu wakati wa baridi unashindwa kwenda na kasi. Kuna wanaouweka kwenye beseni la maji yanayochemka au kuusogeza kwenye mkaa. Usifanye hivyo. Chukua mtungi wa kilo 15 badala ya wa kilo 6, au wa kilo 38 kama unapika siku nzima, na usiulaze chini kutafuta tone la mwisho.

Vibanda vya chipsi ndivyo vinanitia wasiwasi kuliko vyote. Gesi ya kukaangia chipsi na mkaa wa mishkaki vinakaa hatua moja, mtungi uko chini ya meza ileile, na mafuta ya moto yako kwenye ukingo ambao watu hupita. Hapo chagua kimoja. Mafuta yakishika moto, zima gesi, funika karai kwa mfuniko au sinia la chuma, usimwage maji. Maji yanayatapanya mafuta yanayowaka. Namba ya Zimamoto ni 114, ibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa.

Mkaa na kuni havilipuki, na hilo huwapa watu utulivu usiostahili. Jiko liko chini, kanga inaburuta, kaa linadondoka kwenye kandambili, mtoto wa mpishi anacheza pembeni. Mtu anayewashia kwa petroli anajichoma uso. Kwenye shule, sufuria kubwa ya uji juu ya mafiga inaweza kuyumba ikamwagikia mpishi tumboni. Sufuria kama hiyo ijengewe ukuta wa tofali ikae ndani yake bila kutikisika.

Umeme una hatari ndogo kwa moto na kubwa kwa uzembe wa nyaya. Jiko la presha na birika la maji kwenye soketi moja ya kuunganishia vinaichemsha mpaka iyeyuke. Kila kimoja kiwe na soketi yake ukutani, juu, mbali na sakafu inayolowa, na fundi mwenye leseni aweke waya wa ardhini.

Aliyeungua, kwa jiko lolote, amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka dakika 20. Si dawa ya meno, si unga, si yai, si asali. Kisha kidonda kifunikwe na mtu huyo ahamie kazi isiyogusa chakula kilicho tayari, kama kupokea fedha au kubeba maji. Mpishi wa kibarua huficha kidonda kwa sababu anajua akikisema atakosa posho ya siku. Mwajiri anayetaka chakula salama amlipe siku hiyo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kuwakinga watu wake, na mgahawa wa wapishi wanne ni mahali pa kazi kama kiwanda.

Nani achukue nini

Mama lishe mwenye chumba cha kupanga sokoni au stendi: gesi kwa wali, ugali na mchuzi, na jiko la presha la umeme kwa maharage na nyama. Kwa maoni yangu hakuna mchanganyiko bora kwa nyanda hizi. Hata gharama yake, ukiweka na mkaa unaoteketea ukisubiri maharage, haiko mbali kama inavyodhaniwa. Pima kwa wiki moja kwenye daftari lako mwenyewe kabla hujakataa. Asiye na umeme wa uhakika atumie sufuria ya presha juu ya gesi.

Anayepikia nje, kwenye banda lisilo na kuta, anaweza kubaki na mkaa kwa ndizi za kuchoma na kutunza joto, jiko likiwa limeinuliwa juu ya tofali mpaka usawa wa kiuno. Ila awe na hata mtungi mmoja wa kupikia sufuria ya pili ya mchana.

Shule na vyuo hawana uchaguzi mpana tena. Serikali ilishaelekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi. Shule ambayo bado inajipanga, ijenge bomba la moshi sasa na iwape wapishi mabuti na aproni nzito. Mapafu yao hayasubiri bajeti.

Kibanda cha chipsi: gesi peke yake, mtungi nyuma ya ukuta, mfuniko wa chuma unaning'inia mkono unapofika.

Na kwa mwenye fedha ya kitu kimoja tu mwezi huu, asianze na jiko jipya. Anunue kipimajoto cha sindano na ndoo yenye koki kwa ajili ya maji tiririka na sabuni, ahamishe mkaa nje ya mlango, kisha mwezi unaofuata ahesabu mtungi.